Siri zako zimelala stesheneri? Unganisha printa na tableti yako nyumbani!

Kama wewe ni mtu wa mjini, basi stesheneri ya mtaani kwenu inakujua kuliko shangazi yako. Inajua ulipata divisheni ngapi kidato cha nne. Inajua mshahara ulioandikwa kwenye mkataba wako wa kazi. Inajua namba ya kitambulisho chako cha NIDA na saini ya mwenye nyumba wako. Na kama uliwahi kutoa kopi ya majibu ya hospitali, inajua hata yale ambayo mchumba wako hujathubutu kumwambia.

Si kwamba vijana wa stesheneri ni watu wabaya, hapana. Wengi ni watu poa, wanahangaikia mkate wao kama wewe na mimi. Kasheshe iko kwenye utaratibu wenyewe. Unafika, watu wamejaa, huyu anataka kopi, yule anajaza fomu ya mkopo wa chuo. Kijana wa kaunta hana hata muda wa kukutazama.

"Dada, nitumie WhatsApp, namba hiyo hapo ukutani."

"Nishatuma, kaka. Ni PDF mbili."

"Nimeziona. Kurasa sita. Rangi au ya kawaida?"

Unalipa, unachukua karatasi zako, unaondoka zako kuwahi daladala. Lakini umewahi kujiuliza zile PDF zimekwenda wapi? Moja imebaki kwenye simu ya kijana. Nyingine imebaki ndani ya kompyuta ya kaunta, ile ambayo usiku inakaliwa na mdogo wake anayecheza gemu, na ambayo siku ikichakaa itauzwa kwa mtu mwingine kabisa. Ukija na flashi ndiyo usiseme. Flashi inayoingia kwenye kompyuta iliyokwisha kuchomekwa flashi za mtaa mzima inaweza kurudi nyumbani na virusi.

Ni kweli hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayomtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde. Lakini sheria haikai nyuma ya kaunta kufuta faili zako. Hiyo kazi ni yako mwenyewe, na njia nyepesi kuliko zote ni faili hizo zisitoke nyumbani kabisa.

Ndiyo maana leo tunazungumzia printa ndogo isiyo na waya na ile tableti uliyonayo nyumbani. Tableti siku hizi si kitu cha ajabu tena. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 vilikwenda kugawiwa walimu, na madukani Kariakoo zipo za kila aina. Wengi wanazitumia kutazama muvi na kusoma notsi, wakati kazi ya kuprinti nayo zinaiweza vizuri tu. Tatizo ni kwamba mtu ananunua printa, anaiweka mezani, anahangaika nayo siku mbili, ikigoma anaifunika kitambaa na kuweka juu yake chombo cha maua. Hela imekwenda, stesheneri anarudi palepale.

WAIFAI SI BANDO

Hapa ndipo wengi wanapochemsha, kwa hiyo soma taratibu. Ukimuuliza mtu kwa nini haprinti kwa tableti yake atakwambia, "Aah, bando limeisha." Bwana wee, bando halihusiki!

Waifai ni njia ya hewani inayounganisha vyombo vilivyo karibukaribu. Intaneti ni kitu kingine, ni barabara kuu inayotoka nje ya nyumba kwenda duniani. Ruta yako inafanya kazi zote mbili. Kwanza inavikutanisha vyombo vya ndani, halafu inavifungulia geti la kwenda nje. Tableti ikituma karatasi kwenye printa, faili linatoka kwenye tableti, linapita kwenye ruta, linaingia kwenye printa, basi. Halikwenda nje, halikula hata MB moja ya bando lako. Kata intaneti uone, ruta ikiwa na umeme printa bado itachapa faili lililomo ndani ya tableti.

Fananisha na nyumba za kupanga kule Sinza au Tabata. Watu wa nyumba moja wakitaka kuitana hawahitaji vocha, wanaitana uani. Tableti yako nayo inafanya hivyohivyo. Ukibonyeza kuprinti inapiga hodi ndani ya mtandao, "Jamani, kuna printa humu?" Printa iliyomo kwenye mtandao huohuo inaitikia, "Nipo, jina langu fulani." Kama moja iko uani na nyingine iko nyumba ya jirani, utaita mpaka sauti ikauke.

Kwa hiyo sheria mama ya safu hii ni moja tu: printa na tableti lazima viwe kwenye mtandao mmoja. Ukiikamata hiyo umemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Hitilafu nyingi nitakazokutajia huko mbele, ukizichunguza utakuta zinarudi kwenye sheria hiyohiyo.

ZILIKOTOKA HADI KUELEWANA

Usidhani mambo yalikuwa rahisi tangu mwanzo. iPad ilipoingia sokoni Aprili 2010 haikuwa na uwezo wake yenyewe wa kuprinti. Watu walitoa hela ndefu, wakabaki wanajitumia faili kwenye kompyuta. Novemba mwaka huohuo kampuni ya Apple ikaleta AirPrint, utaratibu unaoiwezesha iPad kuzungumza na printa moja kwa moja, bila kuingiziwa programu yoyote.

Upande wa Android mambo yalichelewa kidogo. Mlango wa kuprinti ulijengwa ndani ya Android 4.4 ya mwaka 2013. Mwaka huo pia, Canon, HP, Samsung na Xerox, ambao siku zote ni mahasimu sokoni, walikaa meza moja wakaunda umoja wa Mopria ili printa zao zizungumze lugha moja na simu na tableti. Matunda yake yakaonekana kwenye Android 8 ya mwaka 2017, iliyokuja na huduma ya kuprinti ya aina hiyo ikiwa tayari ndani.

Nakueleza historia hii kwa sababu moja. Mtaani kuna mafundi wanaofundisha njia za zamani. Kuna atakayekwambia utumie Google Cloud Print, iliyokuwa ikipeleka kazi yako hadi kwenye mitambo ya Google ndipo irudi kwenye printa yako. Huduma hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2020. Ukiambiwa hivyo leo, mshukuru fundi, lipa soda yake, ondoka.

KABLA HUJATOA HELA

Ukifika dukani, usivutwe na bei ya printa. Printa ya bei chee mara nyingi ni mtego, kwani kampuni inarudisha hela yake kwenye wino. Ni kama kupewa mbuzi wa bure halafu ukauziwa kamba kila mwezi.

Printa za wino za nyumbani ziko za aina mbili. Zipo zinazotumia katriji, vile vijisanduku vidogo vya kuchomeka, na zipo zenye matangi ambayo unayajaza kwa chupa. Tazama tofauti yake. Katriji ndogo nyeusi ya HP 123 imekadiriwa na kampuni yenyewe kutoa kurasa 120 hivi. Chupa nyeusi ya wino 103 inayotumika kwenye printa za matangi za Epson imekadiriwa kurasa 4,500 hivi. Hizo ni kurasa za maandishi ya kawaida, siyo picha za harusi.

Sasa piga hesabu ya mtoto wa mjini. Tuseme katriji umeipata kwa Sh 48,000. Gawanya kwa 120, kila ukurasa umekugharimu Sh 400 za wino peke yake. Tuseme chupa umeipata kwa Sh 30,000. Gawanya kwa 4,500, ukurasa hauzidi Sh 7. Bei hizo ni za mfano tu, za kwenu ulizia dukani, lakini njia ya kugawanya ni hiyohiyo. Printa ya matangi ni ghali siku ya kwanza, ila kama nyumbani kuna mwanafunzi, au wewe mwenyewe unaprinti ankara za biashara yako, itajilipa.

Kabla ya kulipa, soma boksi na uulize mambo manne. La kwanza, ina waifai? Printa nyingi zinafanana sura, moja ina waifai na pacha wake anataka waya tu. La pili, boksi lina alama ya AirPrint au Mopria? Mwenye iPad atafute ya kwanza, mwenye Android atafute ya pili, na zipo printa nyingi zenye zote. Ikikosa, haijaharibika kitu, utatumia programu ya kampuni. La tatu, wino wake unapatikana mtaani au mpaka uagizwe? La nne, je, imefungwa na mpango wa kulipia wino kwa mwezi unaotaka printa iwe na intaneti muda wote? Printa za namna hiyo zipo, na kwa sisi tunaonunua bando la siku ni kujitafutia presha.

HATUA KWA HATUA

Haya, boksi limefika nyumbani. Ondoa plastiki na vile vipande vya gundi ya rangi vilivyobandikwa ndani, weka wino na karatasi, washa. Kumbuka inaitwa isiyo na waya lakini waya wa umeme inao, kwa hiyo isogeze karibu na soketi, na isiwe mbali sana na ruta.

Kwanza, iunganishe tableti na waifai ya nyumbani kama ulivyozoea, na ukariri jina la mtandao huo.

Pili, ipeleke printa kwenye mtandao huohuo. Kama ina kioo, ingia sehemu ya mtandao, chagua jina la waifai yako, andika paswedi. Chunga herufi kubwa na ndogo, maana kwenye vile vioo vidogo ndipo watu wengi wanapokosea. Kama haina kioo, pakua programu ya kampuni iliyoitengeneza kutoka Play Store au App Store, nayo itakuongoza. Hatua hii ndiyo inayoweza kula bando kidogo, kwa kupakua programu na mara nyingine kujisajili. Angalia kwamba mwenye programu ni kampuni yenyewe, siyo mjanja fulani aliyetengeneza ya kufanana ili akumwagie matangazo. Usishangae pia kama programu itaomba ruhusa ya kujua mahali ulipo. Kwenye tableti nyingi za Android, hasa za zamani kidogo, ruhusa hiyo ndiyo inayoiwezesha kuona vyombo vya waifai vilivyo jirani. Ukimaliza unaweza kuiondoa.

Njia ya mkato ipo kama ruta yako ina kitufe kilichoandikwa WPS. Bonyeza hicho, halafu ndani ya dakika mbili bonyeza kitufe cha waifai kwenye printa kama kitabu chake kinavyoelekeza. Vitajuana vyenyewe bila paswedi.

Tatu, andaa tableti. Mwenye iPad na printa ya AirPrint hana la kufanya hapa, apite. Mwenye Android afungue setingi, aandike neno "print" kwenye kisanduku cha kutafutia, aingie ndani na kuhakikisha huduma ya kuprinti imewashwa. Majina na mpangilio vinatofautiana kwa kila kampuni, ila kile kisanduku cha kutafutia kitakufikisha. Kama huduma haimo, pakua ya Mopria au ile ya kampuni ya printa yako.

Nne, printi. Kwenye iPad fungua faili lako, gusa kile kisanduku chenye mshale unaotazama juu, chagua kuprinti, kisha chagua printa. Kwenye Android fungua faili, gusa vidoti vitatu pembeni, tafuta neno la kuprinti, mara nyingine limejificha ndani ya sehemu ya kushea. Chagua printa yako, na hapohapo tazama vitu viwili. Karatasi iwe A4, kwa sababu programu nyingine zinakuja zimewekewa saizi ya Marekani iitwayo Letter, ambayo ni fupi na pana zaidi, ndipo utakuta printa inalalamika au maandishi yamekatwa. Halafu kama ni barua tu, chagua nyeusi na nyeupe ili usichome wino wa rangi bure.

Gusa kitufe. Ukisikia inakoroma, usiogope, inaita karatasi.

HUNA RUTA? USINUNE

Najua kuna msomaji amekunja uso: "Mimi naishi chumba kimoja, ruta nitaitoa wapi?" Tulia, ndugu yangu. Njia zako ni mbili.

Njia ya kwanza ni simu yako. Washa hotspoti, halafu unganisha printa na tableti vyote viwili kwenye hotspoti hiyo. Simu imegeuka ruta, na ile sheria mama imetimia. Angalizo moja: printa nyingi za nyumbani zinasikia masafa ya GHz 2.4 tu, wala hazioni GHz 5. Kwenye Android ingia setingi za hotspoti uchague 2.4. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata kuna swichi ya kuongeza uwezo wa kuunganika na vyombo vingine, iwashe. Zima pia tabia ya kuacha bando wazi, tableti isije ikaanza kupakua masasisho kwa gharama yako wakati wewe unachapa barua ya kurasa mbili.

Njia ya pili ni Wi-Fi Direct. Hapa printa yenyewe inatengeneza kamtandao kake kadogo, jina lake kwa kawaida linaanza na neno DIRECT. Paswedi utaikuta kwenye kioo cha printa, kwenye stika, au kwenye karatasi ya taarifa ambayo printa inaichapa yenyewe. Unganisha tableti na mtandao huo, printi, kisha rudi kwenye mtandao wako wa kawaida. Tableti inaweza kukuonya kwamba mtandao huo hauna intaneti. Iambie ibaki palepale. Si tulishakubaliana kwamba waifai si bando?

IKIGOMA, USIIPIGE KOFI

Printa ikikataa kuonekana, kabla hujamtafuta fundi pitia orodha hii kwa mpangilio.

Tazama jina la mtandao kwenye tableti na kwenye printa. Majirani wengi wana ruta zenye majina yanayofanana, na ruta nyingine zinatoa majina mawili, moja la 2.4 na jingine la 5. Kama hayo mawili yanatoka ruta moja mara nyingi vitaonana tu, lakini ikigoma weka vyote kwenye 2.4.

Tazama kama tableti iko kwenye mtandao wa wageni. Ruta nyingi zina mtandao huo, na kwa kawaida umetengenezwa makusudi ili mgeni asivione vyombo vya mwenye nyumba. Hapo printa haijaharibika, imefichwa.

Zima VPN. Wengi wetu tunaiwasha na kuisahau, na nyingine zinapeleka kila kitu nje ya nyumba, hata ile hodi ya kutafuta printa, kwa hiyo printa haisikii kitu.

Je, umeme ulikatika? Ruta inapowaka upya inagawa namba kwa vyombo vyake, na printa inaweza kupewa namba mpya wakati tableti inakumbuka ya zamani. Zima vyote vitatu, washa ruta kwanza, subiri dakika mbili, washa printa, mwisho tableti. Ikishindikana, iondoe printa kwenye orodha ya tableti uitafute upya. Mwenye kujua kuingia kwenye ruta anaweza kuitengea printa namba yake ya kudumu, kasheshe ikaisha.

Ulibadilisha paswedi ya ruta? Tableti ulikumbuka kuiambia, printa ukaisahau. Iunganishe upya.

Na kama inaprinti lakini kurasa zinatoka na mistari, hilo siyo tatizo la waifai, ni wino umekauka kwenye kichwa cha kuchapia. Kwenye menyu ya printa au ndani ya programu yake kuna sehemu ya kusafisha kichwa, ila usiirudierudie maana nayo inakunywa wino. Kinga yake ni rahisi. Zima printa kwa kitufe chake, siyo kwa kuchomoa ukutani, kwa sababu kikizimwa kitufe kichwa kinarudi mahali pake na kufunikwa kisikauke. Halafu chapa ukurasa mmoja wenye rangi walau mara moja kwa wiki mbili.

FUNGA MLANGO NYUMA YAKO

Tulianza na siri, sasa usije ukazihamisha kutoka stesheneri kwenda kwa jirani. Yeyote aliyemo kwenye waifai yako anaweza kuiona printa yako na kuchapa humo. Kama paswedi yako ni namba moja hadi nane, na watoto wa nyumba nzima wanaijua, umejenga ukuta ukasahau geti.

Badilisha paswedi ya ruta iliyokuja nayo, pamoja na ile ya kuingilia kwenye setingi za ruta. Wageni wape mtandao wa wageni, hiyo ndiyo kazi yake. Wi-Fi Direct kama huitumii, izime. WPS nayo ukishamaliza kuunganisha, izime kwenye setingi za ruta, kwani tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba ile njia yake ya kutumia tarakimu nane inaweza kubahatishwa na mtu mwenye nia mbaya na subira.

Karatasi iliyokwisha kutoka pia ni siri. Mkataba uliousahau kwenye trei ya printa sebuleni unasomwa na kila anayekwenda kuchukua maji ya kunywa. Na kioo cha kuskani usikiache kimelalia cheti chako cha kuzaliwa wiki nzima. Siku ukiiuza printa, ingia kwenye setingi uirudishe ilivyotoka kiwandani, maana paswedi ya waifai yako imo ndani yake.

JE, KILA MTU ANUNUE?

Hapana, na mimi si wakala wa duka lolote. Kama unaprinti kurasa tano kwa mwezi, wino utakukaukia na hela itakuuma. Stesheneri bado ni rafiki yako, ila sasa nenda kwa akili. Washikaji wanne mnaokaa nyumba moja mnaweza kuchangishana mkanunua moja ya matangi, kila mtu akaprinti kwa tableti au simu yake, mkawa na daftari la kuandika kurasa.

Na hata pale stesheneri, elimu ya leo inafaa. Kama printa yao ina waifai, mwambie kijana kwa ustaarabu, "Kaka, naomba niunganishe niprinti mwenyewe kutoka hapa kwenye tableti." Akikubali, kazi inakwenda moja kwa moja kwenye printa na faili halikai kwenye kompyuta yake wala simu yake. Akikataa, ni haki yake, biashara ni yake. Basi simama pembeni, akimaliza mwombe afute faili, na kwenye lile pipa la taka la kompyuta pia, kisha kwenye ile WhatsApp. Usione aibu. Mbona chenji unaihesabu mbele yake, tena kwa sauti?

Wiki hii pitia karatasi zako moja moja na ujiulize ni ipi usingependa ionwe na mtu mwingine. Hiyo ndiyo iwe ya kwanza kuchapwa nyumbani. Hadi wiki ijayo, nakutakia kila la heri. Alamsiki!